Hivi Nissan atatoboa Marekani au ndio anafuata njia ya Suzuki? Nataka kukopa Rogue, nishaurini

#1 Jirani_wa_Smyrna
Wakuu habari za mchana. Niende moja kwa moja. Nipo Tennessee, kutoka ninapoishi mpaka geti la kiwanda cha Nissan pale Smyrna ni dakika kumi na tano kama hakuna foleni. Gari yangu imechoka, familia imeongezeka, wikiendi nikaenda kuangalia Rogue mpya, hii ndio X-Trail ya huko nyumbani ila usukani kushoto. Bei wamenishushia vizuri, mkopo wa miezi 72. Nimerudi nyumbani nina furaha, usiku nikaanza kusoma habari, usingizi ukakata.

Mwezi wa tano 2025 walitangaza hasara ya yen bilioni 670.9, wanapunguza watu 20,000 dunia nzima, viwanda kutoka 17 vibaki 10. Mwezi wa kumi na moja 2025 wakauza mpaka jengo la makao makuu kule Yokohama kwa yen bilioni 97 na wanabaki humo humo kama wapangaji. Mtu akiuza nyumba yake halafu akabaki kupanga ndani ya nyumba ile ile, kwetu tunajua hapo mambo si mazuri.

Swali langu, miaka sita yote ya kulipa deni hii kampuni itakuwepo hapa Marekani? Au nitabaki nalipia gari ambayo haina yadi wala waranti. Naombeni mawazo hasa mlioko huku na mafundi.

#2 Mama_Junior_TX
Nakaa mbele kabisa, nna Kicks hapa nataka kuibadilisha. Tiririkeni.

#3 Tozi_la_Kinyerezi
Usichukue mkuu. Hao wanaondoka. Suzuki aliondoka 2008, Isuzu akaondoka, Daihatsu akaondoka, Mitsubishi anapumulia mashine. Mjapani wa kubaki Marekani ni Toyota na Honda basi, wengine wote wasindikizaji.

#4 Mzee_wa_Takwimu
#3 punguza mwendo. Suzuki hakuondoka 2008. Ni Novemba 2012 ndipo tawi lake la Marekani lilienda mahakamani kuomba ulinzi wa mufilisi likaacha kuuza magari mapya, pikipiki na injini za boti wakaendelea nazo. Aliyeacha kuuza gari za abiria Januari 2009 ni Isuzu. Daihatsu alikaa 1988 mpaka 1992 tu, wengi hata hawakujua kama alifika. Na Subaru na Mazda umewarukaje? Wapo na wana wateja wao.

Halafu angalia ukubwa. Suzuki miaka ya mwisho alikuwa anauza elfu ishirini na kitu kwa mwaka nchi nzima. Nissan pamoja na Infiniti, chapa yake ya kifahari, mwaka 2024 wameuza 924,008, Rogue peke yake zaidi ya 245,000. Hao huwezi kuwaweka kwenye mzani mmoja.

Ila kushuka ameshuka, sikatai. 2017 alikuwa anakaribia milioni 1.6. Sasa hapo ndipo pa kuchimba, mtu anapotezaje magari zaidi ya laki sita kwa mwaka ndani ya miaka saba?

#5 Msee_wa_Dallas
Hiyo jibu iko wazi, ni njaa ya namba. Wakati wa Carlos Ghosn, bosi wao wa zamani, mwaka 2011 walitoa mpango wakauita Power 88, yaani wapate asilimia 8 ya soko la dunia na faida ya asilimia 8, na huku Marekani walikuwa wanaitafuta asilimia 10 ya soko. Sasa ukitaka namba na gari haijiuzi utafanyaje? Unashusha bei, unarundikia makampuni ya kukodisha magari, mwenye yadi unamwekea lengo la mwezi, akilifikisha anapata bonasi, akikosa gari mbili tu anakosa bonasi yote, kwa hivyo tarehe 30 usiku anauza hata kwa hasara ili afike.

Mimi nilipokuja hapa kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha magari ya kukodi airport. Safu nzima ni Altima, Altima, Sentra, Altima. Mwaka ukiisha hizo gari zinatupwa sokoni kama yuzdi, maelfu kwa mpigo, bei ya yuzdi inaanguka, na yule aliyenunua mpya kwa pesa yake anaona thamani ya gari yake imeenda na maji. Huyo harudi. Na ukishamzoesha mteja punguzo, siku ukiliondoa anavuka barabara anaenda kwa jirani. Wamekuwa wakilipa deni la miaka ile mpaka leo.

#6 Mama_Junior_TX
Kumbe zile Altima za airport ulikuwa unaosha wewe Msee, ndio maana zilikuwa zinang'aa kuliko zangu

#7 Mwanafunzi_Kanagawa
#5 hiyo ni sehemu tu. Mimi nasoma hapa Japani na naona tatizo kubwa ni kukosa haibridi. Note e-Power, ambayo Wakenya na Watanzania mnaagiza kila siku, ilitoka hapa 2016. Mwaka 2018 Note ikawa ya kwanza kwa mauzo Japani ukitoa zile gari ndogo za cc 660. Teknolojia wanayo mkononi! Lakini nenda yadi ya Nissan Marekani ukaulize haibridi, Rogue haibridi waliiuza 2017 mpaka 2019 tu, baada ya hapo hamna. Toyota anauza RAV4 haibridi watu wanapanga foleni, Honda CR-V haibridi, wewe una Rogue ya petroli tu. Walikuwa wameweka nguvu kwenye gari za umeme, Leaf ilitoka Desemba 2010 kabla Tesla hajatoa Model S, halafu katikati hapo ambapo wateja wengi wako wakapaacha wazi.

#8 Tozi_la_Kinyerezi
Sasa kama inauza namba moja kwao kwanini wasiipeleke Marekani? Huo si uzembe?

#9 Mwanafunzi_Kanagawa
Kuna sababu ya kiufundi mkuu. Kwenye e-Power injini haizungushi matairi kabisa, kazi yake ni kufua umeme tu, mota ndio inasukuma gari. Mjini kwenye foleni, simama nenda simama nenda, hapo ni tamu sana na mafuta inakunywa kidogo. Lakini ukiiweka barabara kuu ya Marekani mtu anatembea maili 75 kwa saa masaa matano, injini inafua umeme, umeme unaenda kwenye mota, kila hatua nguvu fulani inapotea, ule ubora wa mafuta unapungua. Sasa hivi wametengeneza kizazi cha tatu ndio wanasema kinafaa kwa mwendo mrefu na ndicho kitaingia kwenye Rogue. Huku tunasubiri wamechukua Outlander ya Mitsubishi ya kuchaji ukutani wakaibandika nembo ya Nissan wakaiita Rogue. Mgeni kafika, kwako hujapika, unakimbilia sufuria ya jirani.

#10 Fundi_Gerezani
Habarini. Nyote mnazunguka, mimi niwaambie kinachozungumzwa gereji. Giaboksi. CVT. Hiyo ndio imewatia doa Marekani na hata hapa Dar mtu akisikia X-Trail T31 anauliza kwanza giaboksi.

CVT haina gia za meno kama tulizozoea, ni puli mbili na mkanda wa chuma, puli zinapanuka na kubana. Ukiwa laini inakwenda laini kweli kweli. Lakini haipendi joto, haipendi oili chafu, na haipendi oili isiyo yake. Hapa ndio kuna msiba. Gari inaingia nchini mtu anampelekea fundi wa mtaani, anamwagiwa oili ya kawaida ya otomatiki, ile nyekundu, baada ya miezi michache gari inavuma kama ndege, inavuta nyuma, ukikanyaga mzunguko unapanda mwendo haupandi. Halafu lawama zote kwa mtengenezaji. Oili yake ni NS-2 au NS-3 kulingana na gari, soma kwenye stiki au kitabu, kama hujui uliza. Nimebadilisha oili X-Trail za watu kila kilomita elfu 50 hivi na zina zaidi ya laki mbili zinatembea.

Nyie wa Marekani msiseme oili mbaya kwa sababu huko mnapeleka kwa wenyewe, kwenu nadhani ni joto na mwendo.

#11 Kaka_Columbus
Fundi umenigusa pabaya. Gari yangu ya kwanza kununua hapa Ohio, kampuni siitaji, ilikuwa na CVT. Maili 71,000 ikaanza kutetemeka nikisimama taa nyekundu. Nikapeleka, wakaniambia waranti imeisha maili elfu kumi na moja zilizopita, kubadilisha giaboksi ni zaidi ya dola 4,000, wakati gari yenyewe hata 6,000 haifiki. Nilikuwa nafanya Uber, ndio ugali wa watoto. Nilikaa wiki tatu napanda basi kwenda kazini saa kumi alfajiri, na mkopo wa ile gari niliendelea kuulipa mwaka mzima ikiwa imeshakwenda kwa wauza vyuma. Toka siku hiyo nikiingia yadi swali la kwanza ni giaboksi gani.

#12 Tozi_la_Kinyerezi
Itaje tu mkuu tusaidike

#13 Kaka_Columbus
Sitaji. Kampuni nyingi zinatumia CVT, hata hao mnaowasifia wana za kwao.

#14 Mzee_wa_Takwimu
Pole sana Kaka_Columbus. Kwa upande wa Nissan yaliyo wazi ni haya. Mwaka 2009 waliongeza waranti ya CVT mpaka miaka 10 au maili 120,000 kwa gari za 2003 mpaka 2010. Zikaja kesi za pamoja mahakamani kwa gari za baadaye, wakaongeza tena, kutoka miezi 60 au maili 60,000 mpaka miezi 84 au maili 84,000 kwa baadhi ya Altima, Sentra, Pathfinder na Rogue. Huwezi kuongeza waranti mara zote hizo kama hakuna moshi. Na wenyewe wameonyesha kwa vitendo, Pathfinder kuanzia toleo la 2022 na Murano ya 2025 zimerudi kwenye otomatiki ya kawaida ya gia 9.

Jirani_wa_Smyrna zingatia, Rogue bado ni CVT. Na kuna jingine, mwaka 2025 wameita zirudi kukaguliwa karibu gari 444,000 zenye ile injini yao ya kubadilisha mgandamizo kwa sababu ya beringi, Rogue za 2021 mpaka 2024 zimo. Kama yadi wakikusukumia ya mwaka juzi muulize hilo kabla ya rangi.

#15 Jirani_wa_Smyrna
Dah asante Mzee, la beringi hawakuniambia kabisa. Waliniambia kuhusu viti.

#16 Bukavu_Nashville
Jambo ndugu zangu. Mimi nimetoka Bukavu, niko hapa Nashville mwaka wa tisa, nafanya kazi kwenye kiwanda kinachotengeneza vipande vya ndani ya gari, tunapelekea kampuni zaidi ya moja kwa hiyo sitataja jina la tajiri wangu. Zamani tulikuwa na saa za ziada mpaka unakataa. Mwaka huu wiki nyingine tunaambiwa siku ya tano msije. Nina watoto wanne, siku moja bila malipo kwa wiki ni pesa ya chakula.

Lakini nataka kumpinga anayesema wanaondoka. Smyrna imefunguliwa 1983, gari ya kwanza kutoka ilikuwa pikapu. Uwezo wake ni magari 640,000 kwa mwaka. Wana kiwanda cha injini Decherd, wana Canton kule Mississippi tangu 2003. Makao makuu ya Amerika waliyatoa California wakayaleta Tennessee mwaka 2006. Hii si kampuni yenye ofisi na simu ambayo unafunga mlango unaondoka. Ukifunga hapa kaunti nzima inalia. Shida ninayoiona mimi ni kwamba kiwanda kikubwa ukikitumia nusu, taa zinawaka zote, mashine zinalipiwa zote, bima zote, lakini gari zinazotoka ni chache. Hasara inatoka humo.

#17 Msee_wa_Dallas
Bukavu pole sana ndugu, nguvu. Na hao wafanyakazi hawana yunioni? Huko Detroit wangekuwa wamegoma.

#18 Bukavu_Nashville
Hawana. UAW, yunioni ya wafanyakazi wa magari, walijaribu Smyrna 1989 wakashindwa, 2001 wakashindwa, Canton 2017 kura 2,244 walikataa na 1,307 walikubali. Watu wanaogopa kwamba wakiingia yunioni kazi zitaenda Meksiko. Sasa naona hata huko Meksiko kwenyewe wanafunga.

#19 Mzee_wa_Takwimu
Ni kweli, Civac kule Morelos, kilikuwa kiwanda chao cha kwanza nje ya Japani, 1966. Uzalishaji unahamishiwa Aguascalientes. Na Japani wanafunga Oppama iliyofunguliwa 1961, ndipo Leaf ya kwanza ilipozaliwa.

#20 Dada_wa_Mizani
Mimi ni mhasibu niseme kidogo. Mnaongea giaboksi na haibridi mmesahau ushuru. Aprili 2025 gari zinazoingia Marekani zilianza kutozwa asilimia 25. Japani wamepata nafuu Septemba ikashuka 15. Sasa gari za bei nafuu za Nissan, Versa, Sentra, Kicks, zote zinatoka Meksiko, na Meksiko bado 25 kwa ile sehemu isiyo ya Marekani. Versa ilikuwa ndio gari mpya ya bei ya chini kuliko zote Marekani, dola elfu 17 na ushee. Kwenye gari kama hiyo faida ni nyembamba kama karatasi, ukiweka ushuru juu unauza ili upate hasara. Leaf mpya inatoka Tochigi, nayo ina ushuru, na ile ruzuku ya dola 7,500 ya gari za umeme imekufa tarehe 30 Septemba 2025. Ariya, nyingine yao ya umeme, wameshaitoa Marekani. Kwa hiyo ushuru ndio utaamua.

#21 Msee_wa_Dallas
Dada ushuru umekuja 2025, lakini mauzo yalianza kuanguka 2018. Mgonjwa alikuwa kitandani kitambo, huyo daktari ameongeza tu sindano.

#22 Dada_wa_Mizani
Sijasema ndio chanzo, nasema ndio utaamua anapona au haponi. Na tena ushuru huo huo unaweza kuwa dawa. Rogue ya Smyrna inakwepa mengi ambayo mpinzani anayeleta kutoka nje anayalipa. Wakijaza Smyrna wanapumua. Bukavu hapo juu ameshasema kiwanda kipo nusu tupu.

#23 Tozi_la_Kinyerezi
Si wangekubali tu kuolewa na Honda, Honda aliwakataa kwa sababu aliona madeni

#24 Mwanafunzi_Kanagawa
Tozi leo umeamka na makosa. Honda hakukataa. Walisaini makubaliano ya kuungana Desemba 23, 2024, kampuni mama moja juu, wawili chini. Baadaye Honda akaona Nissan anasuasua kupunguza gharama akapendekeza Nissan awe kampuni tanzu yake. Nissan hawakukubali kuwa tanzu. Februari 13, 2025 wakavunja. Uchida aliyekuwa bosi wa Nissan akaondoka, Aprili akaingia Ivan Espinosa, raia wa Meksiko, mtu wa mipango ya magari. Wapo hapa wanaosema kiburi, wapo wanaosema waliokoa heshima ya kampuni. Mimi naona ilikuwa kosa kubwa, kwa sababu Honda ana haibridi nzuri na Nissan ana viwanda na magari makubwa, kila mmoja alikuwa na cha kuziba pengo la mwenzake.

#25 Tozi_la_Kinyerezi
Sawa mwalimu. Ila Ghosn ndio mchawi wa yote, baada ya kutoroka kwenye begi la gitaa kampuni haikutulia tena

#26 Mzee_wa_Takwimu
Begi la gitaa anaingiaje mtu mzima Tozi hahaha. Lilikuwa sanduku kubwa la vifaa vya sauti, uwanja wa Kansai, ndege ya binafsi mpaka Istanbul halafu Beirut, siku za mwisho za Desemba 2019. Alikuwa amekamatwa Japani Novemba 2018 kwa tuhuma za fedha.

Na tumtendee haki. Mwaka 1999 Nissan ilikuwa inakufa kweli, Renault wakanunua asilimia 36.8 wakamleta yeye, na aliiinua kwa muda mfupi ambao watu hawakuamini. Makosa ya miaka ya baadaye hayafuti hilo. Kisha baada ya yeye kukamatwa, miaka mizima viongozi wa juu walikuwa wanavutana wao kwa wao na Renault kuhusu nani anammiliki nani, mpaka 2023 ndio wakasawazisha kila mmoja abaki na kura asilimia 15 kwa mwenzake. Wakati wakubwa wanavutana nani alikuwa anaangalia gari ya 2024 itakuwaje? Gari inachukua miaka minne mitano kuitengeneza. Uzembe wa 2019 unauonja leo.

#27 Bin_Sharjah
Assalaam aleykum. Yakhe nyinyi mwasema Nissan anakufa, njooni huku Imarati muone Patrol. Ijumaa jangwani kila kilima kina Patrol juu yake. Ile mpya waliizindua Abu Dhabi Septemba 2024, na ndio hiyo hiyo Marekani yaitwa Armada. Huku mtu auza Land Cruiser anunue Patrol na hana majuto. Kampuni yenye gari kama ile haifi.

#28 Dada_wa_Mizani
Waaleykum salaam. Patrol ni nzuri ila haiwezi kulisha kampuni nzima kaka. Hata China ambako walikuwa wanauza zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2018 wameshuka chini ya laki 7 mwaka 2024. Ndio maana Marekani imekuwa roho yao, hakuna soko lingine la kukimbilia lenye ukubwa huo.

#29 Guka_wa_Nakuru
Watoto wangu salamu. Nimesoma yote. Hapa Kenya hata leo mtu anapanda matatu ya Toyota anasema nimepanda nissan, hiyo jina imeingia kwenye lugha yetu. Mimi nilikuwa kijana mdogo mwaka 1971 tumesimama kando ya barabara ya Safari Rally mvua inanyesha, ikapita Datsun 240Z nyekundu imejaa matope mpaka kwenye taa. Herrmann alishinda mwaka huo, 1973 akashinda Shekhar Mehta kijana wa Uganda na gari hiyo hiyo 240Z, halafu 1979 mpaka 1982 Mehta akashinda mara nne mfululizo na Datsun Violet.

Na hiyo 240Z ndio iliwafanya Wamarekani wawaheshimu. Kulikuwa na mzee Katayama aliyekuwa anaongoza Datsun kule California, alipigania wapewe gari ya spoti ambayo kijana wa kawaida anaweza kununua. Walikuwa wanajua mteja wao anataka nini. Sasa nikisikia wanauza gari kwa punguzo peke yake nasikia uchungu, kwa sababu nimewaona wakiuza kwa sifa.

#30 Fundi_Gerezani
Guka heshima yako. Umenirudisha mbali, baba yangu alikuwa na Datsun 1200 pikapu, tulihamia nayo kutoka Morogoro.

#31 Mangi_Spea
Swali la pembeni wakuu, mimi nauza spea hapa Dar. Wakifunga Marekani, spea za X-Trail na Note huku zitaadimika? Nina mzigo nataka kuagiza.

#32 Mwanafunzi_Kanagawa
Hapana mkuu. Gari zenu zinatoka Japani, usukani kulia, na spea nyingi zinatoka Japani, Dubai na Thailand. Rogue za Marekani ni usukani kushoto zinaishia Nigeria na Ghana huko. Cha kuangalia kwako ni Oppama, sio Smyrna, na hata Oppama magari yake yanahamishiwa Kyushu. Agiza tu.

#33 Msee_wa_Dallas
Turudi kwa mwenye uzi. Jirani kuna kitu hakuna mtu amekuambia. Miezi 72 ni mirefu. Unakumbuka Mitsubishi mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuwa na ile ofa ya sifuri tatu, hulipi kitu kuanza, hulipi riba, hulipi mwaka mzima. Vijana wakachukua magari, mwaka ukaisha wakayarudisha au wakayatelekeza. 2002 waliuza karibu 345,000 hapa, na mwisho wake kile kiwanda chao cha Normal, Illinois wakakifunga 2015, leo Rivian ndio wanatengeneza magari humo. Kampuni ikianza kukupa masharti matamu sana jiulize kwa nini.

#34 Kaka_Columbus
Na bado Mitsubishi yupo Msee, 2024 ameuza zaidi ya laki moja. Anakula kidogo lakini anakula. Inawezekana Nissan naye asiondoke, abaki mdogo. Hilo ndilo linalomhusu Jirani zaidi, maana kampuni ikibaki ndogo yadi zinapungua, unakuta ya karibu iko maili 60, na siku ya kuuza gari bei yake iko chini.

#35 Jirani_wa_Smyrna
Wakuu nimesoma kila neno, asanteni sana. Guka umenitoa machozi. Bukavu nitakutafuta inboksi tuonane, kumbe tuko karibu hivi.

Niwaambie nilichofanya. Jana nimerudi yadi, nikauliza beringi, nikauliza giaboksi, kijana wa mauzo akamwita bosi wake. Bosi akafungua kompyuta akanionyesha, ile waliyotaka kunipa ni toleo jipya haimo kwenye orodha ya kuitwa. Nikamuuliza vipi mkiondoka, akacheka akasema yeye yuko pale tangu 1998 na mwaka 1999 waliambiwa wanakufa. Nikamwambia naomba miezi 48, akaandika, malipo ya mwezi yamepanda mpaka nikakuna kichwa. Mke wangu anataka ile ya haibridi, jirani yetu anasema subirini e-Power ije. Gari yangu ya sasa inavuja maji ya rejeta, sijui kama itafika huko.

#36 Fundi_Gerezani
Inavuja wapi, kwenye hosi au rejeta yenyewe? Piga picha asubuhi injini ikiwa ya baridi uweke hapa. Kama ni hosi hiyo ni kazi ya nusu saa, unapata miezi sita ya kufikiria bila presha ya mtu wa mauzo.

#37 Jirani_wa_Smyrna
Naona ni hosi ya juu fundi, pale kwenye klipu pana ukungu wa kijani. Kesho asubuhi naweka picha.

#38 Tozi_la_Kinyerezi
Ikishindikana njoo na Toyota

#39 Bin_Sharjah
Patrol!